Kompyuta Iliyokwenda Lusahunga

Jumatatu, 3 Februari 2025

Padre Idefonsi ameleta kishikwambi. Zawadi, amesema, ya mtu aliyesoma naye seminari. Amekitoa kwenye bahasha ya kaki na kukiweka mezani kwangu, mbele ya kompyuta, kana kwamba anawatambulisha.

"Mama Elick, hii ndiyo ofisi. Yote inaingia humu."

Nimekinyanyua. Ni chepesi kuliko misale ya altareni. Kioo safi, hakina alama ya kidole hata moja. Nimeweka yangu.

Tujaribu mwezi mmoja, amesema. Kikiweza kufanya kila kinachofanywa na kompyuta, basi kompyuta itatafutiwa kwao. Itatafutiwa kwao! Padre huyu ana miaka mitatu hapa Kirushya na hajawahi kuniuliza ile kompyuta ina nini ndani.

Ina watu elfu kumi na moja mia nne na kumi na sita. Tangu 2019 nanakili vitabu vya wabatizwa, kimoja baada ya kingine, kabla mchwa hawajavimaliza. Jina la mtoto, la baba, la mama, alikozaliwa, tarehe, msimamizi wake. Nimefika mwaka 1999. Naipenda kazi hii kuliko kazi nyingine yoyote niliyowahi kufanya. Sijamwambia Padre. Si jambo la kuambiana na paroko.

Jumatano, 5 Februari 2025

Umeme ulikatika saa tatu asubuhi, ukarudi saa kumi. Kompyuta ikakaa kimya na kitambaa chake cha WAWATA, umoja wa kina mama wa kanisa, kichwani. Kishikwambi kikaendelea kama hakijasikia habari. Hiyo nakiandikia pointi, sina kinyongo.

Tangazo la Jumapili sasa. Mistari sita. Kibodi inachomoza chini na kufunika nusu ya barua, kwa hiyo unaandika mwisho wa sentensi huku mwanzo wake umezama. Dakika arobaini! Kwenye kompyuta ni dakika tano, na hapo nimesimama kumjibu mtu mlangoni.

Moja kwa moja. Ngoma droo.

Ijumaa, 7 Februari 2025

Nimetafuta mahali pa kubonyeza ili kazi ihifadhiwe. Hapapo. Padre kasema kinajihifadhi chenyewe, kila unachogusa.

Kompyuta yangu ukitaka kufunga inakuuliza kwanza: uhifadhi mabadiliko, au usihifadhi? Mara ngapi nimechemsha, nikajibu usihifadhi, nikaanza upya na hakuna aliyejua.

"Si ndiyo nafuu?" kasema Padre. "Huwezi kupoteza kazi."

Sawa.

Jumanne, 11 Februari 2025

Printa yetu haina habari na kishikwambi. Inataka waya, na kishikwambi hakina tundu la waya ule. Padre amejaribu nusu saa, ameinamisha kichwa, amevua koti. Mwisho kaniambia, bila kunitazama, kwamba Lusahunga kuna Yahaya mwenye duka la steshenari. Yahaya ana printa isiyotaka waya. Na anatafuta kompyuta.

Nikasema, "Kwa hiyo tunatoa kompyuta ili kishikwambi kipate printa."

"Tunabadilishana, Mama Elick."

Ni sahihi kabisa. Kitu kilichokuja kupunguza vitu ofisini kimeanza kuagiza vitu.

Nilipokuwa napika nikajiuliza swali ambalo ningelikwepa kama si kuandika hapa. Parokia nzima ikiingia kwenye mkoba wa Padre, mimi naingia wapi?

Jumamosi, 15 Februari 2025

Nimekwenda na kishikwambi kigango cha Ntobeye. Nitasema kweli maana hapa hakuna msomaji: ilikuwa siku nzuri.

Katekista wa kule ni mzee Ndikuriyo. Anajua kila nyumba, nani kazaa nani, nani alisimamia ubatizo wa nani. Kwa miaka sita nimekuwa nikimwandikia maswali kwenye karatasi na kuyatuma kwa watu wanaokuja misa. Leo tumekaa naye kwenye benchi nje ya kanisa, kishikwambi magotini na watu wa Ntobeye niliowaandika humo upya wiki hii, namsomea, ananisahihisha, narekebisha hapo hapo. Watu ishirini na tisa kwa asubuhi moja! Wale ambao wino wao ulifutika kabisa kwenye kitabu, yeye anawakumbuka. Anakumbuka hata kwamba siku hiyo mvua ilinyesha.

"Kumbe hii kitu inatembea," kasema. "Ile ingine ilikuwa imekaa kama mwenyekiti."

Kompyuta isingefika Ntobeye hata kwa kubebwa kichwani. Pointi tatu kwa kishikwambi. Nimerudi kwa bodaboda nimekikumbatia kifuani, nikajicheka.

Alhamisi, 20 Februari 2025

Imeondoka.

Yahaya kaja mwenyewe na gari ndogo. Mtu mpole, kofia nyeupe, Kiswahili chake kimenyooka. Babu yake alitoka Pangani na biashara ya chumvi. Kahamisha faili langu lote, marekebisho ya Ntobeye nikiwa nimeshayaingiza, kwa waya aliokuja nao, kutoka kompyuta kwenda kishikwambi. Sekunde chache. Miaka sita, sekunde chache. Nimehesabu: watu wote elfu kumi na moja mia nne na kumi na sita wamevuka salama. Padre kamwambia akifika afute kila kitu cha parokia, maana ni siri za watu.

Mezani kumebaki mraba usio na vumbi. Nimeweka printa mpya hapo. Haienei.

Jumatatu, 24 Februari 2025

Kutafuta mtu kwenye kioo kidogo ni kusogeza kidole mpaka kinachoka. Kwa hiyo leo nimepanga majina yote kwa alfabeti. Nimegusa herufi iliyo juu ya safu ya majina, nikagusa ile alama ya A mpaka Z. Kakatokea kasanduku kadogo ka Kiingereza, nusu kamefunikwa na kibodi. Nikabonyeza kanakoonekana. Majina yakajipanga mara moja, Adela wa kwanza kabisa.

Nimeanza kukizoea. Nilidhani nitachelewa zaidi.

Alhamisi, 27 Februari 2025

Siku ya maonyesho. Wageni wawili wa kamati ya walei walikuwa ofisini na Padre alikuwa anawaeleza habari za kishikwambi. Mlangoni akaingia binti mmoja, Joyness Niragira, wa hapa hapa Kirushya, kalelewa na bibi yake Domisiana. Wazazi wote walifariki yeye akiwa mdogo. Simfahamu sana, mara ya mwisho kumwona alikuwa mtoto na sasa ni muuguzi, anajitolea kwenye zahanati Lusahunga. Anataka ajira ya kudumu. Bila namba ya kitambulisho cha taifa hawezi hata kuomba, na maombi yanafungwa tarehe 20 Machi. Alizaliwa nyumbani, hana cheti cha kuzaliwa. Huku kwetu mpakani wanakuuliza karatasi vizuri. Karatasi yake ni moja tu: ubatizo.

"Mama Elick," kasema Padre, "waonyeshe."

Nikaandika Joyness Niragira. Akatokea mmoja. Nikagusa cheti, nikagusa chapa. Printa ikaguna, karatasi ikatoka. Padre kasaini huku anaongea. Nikapiga muhuri, nikakiingiza kwenye bahasha, nikaifunga na kugonga muhuri wa pili pale inapofungwa, nusu juu nusu chini. Ni utaratibu wa tangu mapadre wazungu: cheti hakibebwi wazi, mwenyewe hakifungui, kinafunguliwa na anayekipokea.

"Dakika tatu!" kasema Padre.

Binti kaipokea bahasha kwa mikono miwili. Wageni wakapiga makofi. Na mimi nilitabasamu, siwezi kukataa.

Jumatano, 5 Machi 2025

Jumatano ya Majivu. Mvua tangu alfajiri. Watu wengi, majivu yakaisha, Padre akachoma matawi mengine. Kazi za kishikwambi: hakuna.

Jumamosi, 8 Machi 2025

Ntobeye tena. Naandika nikiwa nimekaa kitandani na viatu.

Mzee Ndikuriyo kasema leo, kabla ya kuanza, nimsomee watoto wake mwenyewe, aone walivyokaa humo ndani. Nikatafuta binti yake wa kwanza, Skolastika. Nikamsomea jina. Nikasogeza kidole kwenda kwa baba.

"Baba: Petro Bigirimana."

Mzee akacheka sana. Akaita mke wake atoke nje aje kujibu. Nami nikacheka. Nikasema ni mmoja tu amekosewa. Nikamtafuta wa pili. Baba mwingine. Wa tatu, baba mwingine tena, na kazaliwa mwaka 1961, wakati Ndikuriyo mwenyewe alikuwa na miaka minane. Hapo mzee akaacha kucheka.

"Mama, umetugawa upya," kasema.

Nitaandika lililonijia kwanza, maana ndilo la kweli. Nilifurahi. Kama dakika nzima. Kishikwambi kimeshindwa! Nikaanza kupanga nitakavyomwambia Padre. Halafu nikakumbuka Jumatatu ile, kidole changu juu ya safu moja, kasanduku, sawa. Nilipanga majina peke yake. Baba, mama, tarehe na mahali vilibaki pale vilipokuwa, na majina yakaja kukaa mbele ya wazazi wasio wao. Elfu kumi na moja mia nne na kumi na sita. Na chenyewe kikahifadhi, bila kuniuliza.

Mtu atasema ningeliona. Kwa watu wengine, ndiyo. Kwao mtoto anabeba jina la baba, na jina lisipofanana jicho linashtuka. Sisi kila mtoto ana jina lake. Niragira mtoto wa Minani, Minani mtoto wa Ndayizeye. Hakuna jina linalofanana na jirani yake. Mistari elfu kumi na moja ya uongo, na kila mmoja unasomeka kama kweli.

Nilikuwa nimeshapanda bodaboda kurudi nilipokumbuka bahasha.

Nimefungua kitabu namba kumi na tano. Joyness Niragira. Baba: Frednand Minani. Mama: Priscila Inamahoro. Kazaliwa Kirushya, 14 Aprili 1998. Mwandiko wa padre wa zamani, mzuri, hauna haraka.

Kisha nikafungua nakala ya cheti kwenye kishikwambi. Ni mstari wa mtoto mwingine, mmoja wa wale tuliowabatizia kambini enzi za wakimbizi. Wazazi ni wengine. Kazaliwa Kirundo, Burundi. Saini ya Padre. Muhuri wetu. Muhuri wetu mara mbili.

Jumapili, 9 Machi 2025

Baada ya misa ya pili nimemwambia Padre. Nilisema hivi: "Padre, kishikwambi kimechanganya majina."

Neno kwa neno. Kishikwambi kimechanganya.

Alikaa chini. Hakuuliza kimechanganyaje. Akasema, "Nisamehe, Mama Elick. Mimi ndiye niliyeharakisha. Wewe ulikuwa na mashine yako na ilikuwa inafanya kazi." Aliniomba msamaha, mtu mzima, bado ana jasho la misa. Nami nikasema hakuna shida, Padre.

Hakuna shida!

Kasema twende Lusahunga, tuwaombe kompyuta irudi, tukawarudishie printa yao. Nimepata kila nilichokuwa nakitaka tangu tarehe tatu Februari. Nimekula mchana ugali kidogo sana.

Jumatatu, 10 Machi 2025

Asubuhi nimekwenda kwa bibi Domisiana kuuliza namba ya mjukuu wake. Nilimkuta anachambua maharage. Shikamoo yangu haikujibiwa.

"Wewe ndiye uriyeandika?" kaniuliza.

Sikujua alichokwisha kusikia. Kaendelea kwa Kihangaza, kisha akarudi kwenye Kiswahili ili nisijifiche popote. Niragira alipeleka bahasha Ijumaa, ofisi ya vitambulisho Biharamulo. Ofisini wakaifungua mbele yake, wakamsomea, wakamuuliza mbona alisema Kirushya. Ijumaa hiyo hiyo akapiga simu kwa jirani, akaomba bibi aitwe.

"Ameniuriza, bibi, urinitoa wapi? Kambini? Mimi nirimpokea kwa mikono hii, kwenye kitanda hicho hapo ndani. Mama yake arinishika hapa." Akanionyesha mkono, juu ya kiwiko. "Mtoto ameniuriza kama nirimwokota."

Sijawahi kuona aibu namna ile, na nimeona aibu nyingi. Nilitaka kusema ni kishikwambi. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Lakini yule mama hajui kishikwambi ni nini, ingenibidi kwanza nimweleze kifaa ndipo nikisingizie. Nikasema nitakwenda Lusahunga kesho. Akasema niende.

Nimempigia Niragira kutoka nyumba ya jirani. Nikasema ni mimi wa parokia, cheti kina makosa, nakuja. Akasema "ndiyo mama", na simu ikakatika au akaikata.

Padre amepata gari la kuazima kesho mchana, baada ya mazishi. Atakuja na kitabu chenyewe. Vitabu vya wabatizwa havitoki parokiani, havijawahi kutoka, hata mara moja. Kasema safari hii kitatoka.

Jumanne, 11 Machi 2025. Lusahunga

Nimefika saa saba. Malori ya Rwanda yamejipanga pande zote mbili za barabara, matope mpaka kwenye milango. Duka la Yahaya liko karibu na njia panda. Yeye kaenda Kahama kununua karatasi, nimemkuta dada yake, Mwanaheri. Wao wana Ramadhani, mimi nina Kwaresima. Hakuna aliyemkaribisha mwenzake chai, tukaenda moja kwa moja kwenye maneno.

Kompyuta iko kwenye kona. Wamebakiza kitambaa cha WAWATA.

Nikauliza kama mafaili yalifutwa, kama Padre alivyoagiza. Niliuliza huku naangalia ukuta.

"Kaka alinambia nifute," kasema Mwanaheri. "Nikafungua, nikaona ni majina ya watu, na baba zao, na mama zao. Nikasema mie sifuti watu. Kama anataka kufuta, aje afute mwenyewe."

Nilitaka kumkumbatia. Nilisema ahsante, mara mbili.

Saa tisa akaingia Niragira, koti lake jeupe mkononi. Amekonda uso tangu siku ya makofi. Shikamoo mama. Marahaba. Kiti kilikuwepo, hakukaa.

Nikamwambia alizaliwa Kirushya, wazazi wake ni wale wale anaowajua, cheti kilikosewa. Kimekosewaje, kauliza. Nikasema: kishikwambi kilichanganya.

"Kilipata wapi Kirundo, mama?"

Nikasema ni majina mengi, yaliingiliana.

"Sawa. Kilipata wapi Kirundo?"

Mwanaheri alikuwa anapanga kalamu. Akaacha kuzipanga.

"Naomba uniambie," kasema Niragira. "Bibi alisema ni uongo. Nikamwambia bibi, karatasi imetoka kanisani, ina muhuri, kanisa haliwezi kuandika uongo. Bibi yangu nimemwita mwongo, mama. Kwenye simu ya watu."

Basi. Nikainuka, nikawasha kompyuta. Ikachukua muda wake, inachukua muda wake siku zote. Nikafungua faili, nikamtafuta, na mstari wote ukakaa mbele yetu kwa upana wake, hakuna cha kusogeza: Joyness Niragira, Frednand Minani, Priscila Inamahoro, Kirushya. Akasoma kwa sauti. Akasoma tena. Kisha nikashuka mpaka kwa yule mtoto wa kambini, nikamwonyesha na yeye, jina lake, baba yake, Kirundo yake. Ni mtu kamili. Naye sasa, huko aliko, kwenye kishikwambi ana wazazi wa mtu mwingine.

Nikamwonyesha kwa kidole juu ya kioo. Hapa ndipo nilipogusa. Nilipaswa kuchagua safu zote, nikachagua hii moja. Kikaniuliza kitu, sikusoma, nikabonyeza sawa. Wewe ulipokuja sikusoma tena. Padre alisaini, naye hakusoma. Tulikuwa tunaonyesha wageni jinsi ilivyo haraka.

"Ni mimi," nikasema. "Kishikwambi kilifanya nilichokiambia."

Hakulia. Alivuta kiti, akakaa.

Kesho saa tatu asubuhi anatakiwa Biharamulo mjini. Wale wa ofisini hawakumfanyia ubaya, anasema, walimsikiliza. Walimwambia tu alete maelezo ya parokia, kwa maandishi, na kitabu kama kinawezekana. Cheti kipya peke yake hakitoshi. Na mimi ningekuwa wao nisingekipokea: jana Burundi, leo Tanzania, muhuri ni ule ule. Lazima barua ieleze kosa lilitokeaje, mpaka mtu aone lingeweza kutokea.

Nikakaa kwenye mashine yangu. Vidole vilijua njia. Nikaanza: Kutokana na hitilafu iliyojitokeza katika kifaa cha ofisi...

Niragira alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Kifaa ndicho kitakachokuja kesho kutoa maelezo?" kauliza. Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama anavyomuuliza mgonjwa amemeza vidonge vingapi.

Nikafuta mstari. Nikaandika: Mimi, Francisca, karani wa parokia, nilipanga majina ya wabatizwa bila kupanga taarifa nyingine. Nilichapa cheti bila kukisoma. Tarehe zote nimeweka. Padre nimemweka pia, kwamba alisaini bila kusoma, kwa sababu wataona saini yake na watauliza. Ukurasa mmoja. Sijawahi kuandika ukurasa mmoja kwa muda mrefu hivi, na safari hii kibodi haikufunika kitu.

Padre kapiga simu akiwa Benaco. Kitabu amekipakata, amekifunga kwenye nailoni mbili kwa ajili ya mvua. Amenitia moyo. Kasema niandike tu barua, nieleze jinsi kishikwambi kilivyochanganya, akifika anasaini tunaondoka.

Nikasema, "Padre, usisaini kabla hujasoma."

Nilisikia wiper za gari.

"Kuna nini humo, Mama Elick?"

Nikasema ni ukurasa mmoja.

Nilipomaliza nikataka kuchapa, kidole kikaenda kufunga. Kompyuta ikauliza: uhifadhi mabadiliko, au usihifadhi? Nilikuwa nimesahau kwamba huwa inauliza. Miaka sita nimeijibu usihifadhi kila nilipochemsha. Mwanaheri na Niragira wote wawili walikuwa wanatazama kile kisanduku, na mimi nikakisoma mpaka mwisho, neno kwa neno, kisha nikabonyeza hifadhi, ndipo nikachapa.

Sasa ni saa kumi na moja na nusu. Naandika hapa kwenye kona, Mwanaheri anafunga dirisha moja, futari inamngoja. Gari limesimama nje. Nimeisikia breki. Nilitaka kutoka na barua, Niragira akanitangulia. Ameichukua kwenye printa nyingine ya duka, wazi hivyo hivyo, bila bahasha, akaikinga mvua kwa koti lake jeupe na kutoka nayo.

Namwona kupitia mlangoni. Padre ameshusha kioo cha gari. Kalamu anayo mkononi tayari. Niragira anamwambia kitu, sisikii. Padre ameiweka kalamu juu ya dashibodi. Anapapasa mifuko, ule wa shati, ule wa koti. Anatafuta miwani yake.